Mkono Juu ya Makaa

Zunilda Ayala alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya meza ya bucha, katika soko kubwa la Asunción. Mikono yake ilikuwa minene kama ya mpiga makasia. Angeweza kutenganisha paja na nyonga huku akipiga soga na mteja, macho yake yakiwa barabarani, na kisu kisikosee kiungo. Mumewe, Eladio, alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Siku ya kuku wa sikukuu kuchinjwa, mtu huyo lazima apate shughuli ya ghafla mtaa wa pili. Buibui akiingia chumbani, Eladio alimchukua kwa karatasi akampeleka nje akalale salama. Watu wa sokoni walizoea kumtania mke: "Zunilda, kwenu nani huvaa suruali?" Naye hujibu, "Tunavaa wote wawili, ila yangu ndiyo yenye damu."

Walipotimiza miaka thelathini ya ndoa, Eladio alitimiza ahadi aliyoitoa wakiwa wachumba: akampeleka Buenos Aires kwa wiki moja. Zunilda hakutaka makumbusho wala sanamu. Maisha yake yote alisikia wateja wakimwambia kwamba nyama yenyewe iko kule ng'ambo ya mto, kwamba hii anayouza yeye ni ya kujaribia meno. Alitaka kwenda kuhakikisha.

Jumamosi mchana, katikati ya Agosti, baridi ikiuma masikio, wakaingia katika nyumba moja ya nyama choma kwenye kona ya mtaa huko Boedo. Watu walikuwa wamejaa. Jiko lilikuwa pale pale ukumbini, nyuma ya ukuta mfupi wa matofali: wavu wa chuma wenye urefu wa kitanda, makaa mekundu chini yake, na juu mbavu, soseji za damu na utumbo uliosukwa. Mchoma nyama, mzee mwembamba aitwaye Rufo, alikuwa akisogeza makaa kwa sepetu la mpini mrefu, taratibu, kama mtu anayepalilia maua.

Mhudumu wao, Quique, alikuwa na kipara na ulimi mwepesi.

"Karibuni wazee wangu. Mmetoka mbali?"

"Asunción," akasema Eladio.

"Alaa, Paraguay! Basi leo mtapumzika na mihogo."

"Mwanangu," akasema Zunilda, "mihogo ndiyo iliyonipa mikono hii. Niletee mbavu. Na usiniletee za ng'ombe aliyefungiwa zizini akalishwa nafaka, maana nitajua."

"Utajuaje, mama?"

"Mafuta yake. Ng'ombe wa majani mafuta yake yana umanjano. Wa zizini ni meupe kama sabuni."

Quique akageuka, akapaza sauti: "Rufo! Meza ya dirishani kuna daktari wa nyama! Usituaibishe leo!" Rufo akainua sepetu kama askari anayetoa heshima, na watu wakacheka.

Meza ya jirani walikuwa wanaume wanne, wakubwa wa miili, chupa ya tatu ya mvinyo iko katikati yao. Mmoja, ambaye wenzake walimwita Ledesma, alikuwa na shingo nene na pete kidoleni. Akasema bila kuwatazama, lakini kwa sauti ya kusikika, "Kumbe Paraguay nako kuna ng'ombe? Mimi nilidhani wanafuga magendo tu."

Wenzake wakaangua kicheko. Zunilda akaweka glasi mezani. Eladio akamgusa goti chini ya meza. "Mwache, Zuni. Tumekuja kula."

"Nimemwacha, Mwalimu. Ningekuwa sijamwacha ungesikia."

Mbavu zikaja, na zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri hata Zunilda akakasirika kidogo, kama mtu aliyefuata ugomvi akakuta amani. Alikuwa anakata kipande cha pili mlango ulipofunguliwa kwa teke.

Waliingia watu wawili wenye kofia za pikipiki vichwani. Wa kwanza alikuwa mrefu, mkononi ana bastola. Wa pili alikuwa mfupi mwenye koti la jinzi, naye pia alikuwa na bastola, ndogo, kuukuu. Nje pikipiki yao ilikuwa ikinguruma.

"Vichwa mezani! Simu, saa, pete, vyote mezani! Atakayenitazama namtoboa!"

Mwenye nyumba, Amílcar, mzee aliyekuwa ameketi kaunta, akainua mikono polepole. Yule mrefu hakungoja. Alimpiga kwa kitako cha bastola juu ya sikio, mara mbili, na mzee akateleza kutoka kwenye kiti chake cha juu kama gunia lililokatwa kamba. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Mtoto akaanza kulia, na baba yake akamfunika mdomo kwa kiganja.

Yule mfupi akapita mezani na mfuko. Alipofika kwa Zunilda akaona pete yake ya ndoa. "Vua."

"Haivuliki," akasema Zunilda. Ilikuwa kweli. Miaka kumi ile pete ilikuwa haijatoka; kidole kilikuwa kimeota kuizunguka.

"Nimesema vua, we mnene!" Akaushika mkono wake, akavuta. Kiungo cha kidole kikalia. Zunilda akatoa sauti kooni ambayo hakuijua kuwa anayo.

Eladio akasimama. Hakuinua mkono. Alisema tu, kwa sauti ile ile aliyowaambia watoto wa darasa la pili miaka yote, "Kijana, mwache mama. Huoni unamuumiza?"

Yule mtu akamgeukia, akampiga mdomoni kwa chuma cha bastola. Zunilda alilisikia jino likivunjika. Eladio akakaa chini, si kwenye kiti bali sakafuni, na damu ikamtiririka kidevuni hadi kwenye shati jeupe ambalo mkewe alilipiga pasi asubuhi hiyo.

Hapo ndipo Rufo alipochota makaa. Watu wote walikuwa wamemsahau kule nyuma ya ukuta wake. Alijaza sepetu, akapiga hatua mbili, akayarusha mgongoni na shingoni mwa yule mfupi. Makaa yakaingia ndani ya koti. Yule mtu akapiga ukelele, akaruka, bastola ikalia, na kioo cha ukutani kikamwagika chote kwa mkupuo. Kisha bastola ikamponyoka, ikateleza chini ya meza.

Yule mrefu alimtazama mwenzake mara moja tu. Alitoka, akarukia pikipiki, akaenda zake. Mlango ukabaki wazi, baridi ikiingia.

Aliyempiga mara ya kwanza yule aliyebaki alikuwa Zunilda mwenyewe. Jambo hilo alilisema baadaye kwa kila aliyemuuliza, hakulificha. Alinyanyua ubao mzito wa mbao walioletewa nyama juu yake, akamtandika nao usoni, ile kofia ikang'oka, akaanguka chali. Na katika kumpiga vile alisikia utamu. Mikono yake ilifurahi. Alitaka kupiga tena, lakini hakupata nafasi, kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa umekwisha simama.

"Mwizi! Ua huyo!"

"Vunja miguu!"

"Leo utatukoma, mbwa wee!"

Walimwendea kwa viti, kwa chupa, kwa viatu. Wazee waliokuwa wakila taratibu, mabibi wenye skafu shingoni, yule baba aliyemziba mtoto mdomo. Ledesma alimkanyaga tumboni kwa kisigino, akaruka na uzito wake wote. Mtu mmoja alimvunjia chupa pajani, kipande cha kioo kikabaki humo. Yule mwizi alijikunja, akaziba kichwa kwa mikono. Alikuwa mtu mzima, wa miaka thelathini na kitu, nywele zimeanza mvi pembeni. Mwanzoni alitukana. Kisha akaomba. Kisha akanyamaza.

Zunilda alikuwa amesimama na ubao wake, akihema. Alimtafuta mumewe kwa macho pale sakafuni alipomwacha, ili amfute damu. Hakumwona. Akamwona ndani ya kundi. Eladio, aliyeogopa kumtazama kuku, alikuwa ameshika mgongo wa kiti ili asianguke, na alikuwa anapiga mateke. Alipiga kwa mpangilio: anavuta mguu nyuma, anaupeleka mbavuni, anavuta tena. Midomo yake iliyopasuka ilikuwa inacheza. Zunilda akadhani anasali. Alipokaribia akasikia kwamba anahesabu.

"Mwalimu," akamwita. Hakusikia.

"Mleteni huku!" Ledesma akapiga kelele. "Si alitaka kuonja kazi ya mikono yetu? Mleteni jikoni!"

Wakamburuta kwa miguu, kichwa kikigonga miguu ya viti. Rufo alisimama mbele ya jiko lake, sepetu mkononi. "Jamani, sasa basi. Polisi wanakuja. Basi, jamani." Mmoja akamsukuma, mzee akaangukia rafu ya kuni. Ledesma na mwenzake wakamnyanyua yule mtu makwapani, wakaushika mkono wake wa kulia, ule ulioshika bastola, wakaukandamiza juu ya wavu, kati ya mbavu na soseji.

Wengi hawakuwahi kusikia mtu akilia vile, na wengine hawakutaka kuusikia tena mlio huo, wakaanza kurudi nyuma. Lakini hakuna aliyesema kitu. Mafuta yakachemka. Moshi ukapanda. Na harufu ikamfikia Zunilda.

Alikuwa ameishi na harufu ya nyama muda mrefu kuliko harufu ya mumewe. Aliijua mbichi, aliijua iliyolala, iliyochacha, iliyochomwa, iliyoungua. Na alingoja hii iwe tofauti. Haikuwa tofauti. Ilikuwa ile ile iliyomtia hamu alipofungua mlango, nusu saa iliyopita.

Ukutani, juu ya ubao wa Rufo, palikuwa na kisu cha kuchambulia mifupa, chembamba, kilichonolewa hadi kikabaki nusu ya upana wake. Zunilda alikichukua kama mtu anayechukua chake. Akapita katikati ya watu, akaingiza bega lake kubwa kati ya Ledesma na jiko, akauvuta ule mkono kutoka kwenye chuma. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye wavu. Yule mtu akamwangukia miguuni.

"Imetosha," akasema.

"Toka hapo, mama."

"Nimesema imetosha. Atakayemgusa tena nitamkata, na mimi sikosei."

Ledesma akacheka, akawageukia wenzake. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Mnamwona? Mnamwona huyu? Mparaguay anamtetea mwizi! Nilijua mimi! Hawa wawili ndio waliokaa dirishani, wakawaonyesha wenzao njia!"

"Kweli! Walikaa dirishani!" sauti moja ikadakia.

"Mbona simu yake hawakuchukua?"

"Mume wangu wamemvunja meno!" Zunilda akapaza sauti. "Una macho au una vifungo vya shati?"

"Maigizo hayo! Wote lao moja!"

Ndivyo yalivyo makundi ya watu. Dakika moja wewe ni mwenzao, dakika ya pili wewe ndiye mnyama. Glasi ikarushwa, ikampata Zunilda kwenye nyusi. Damu ikamwingia jichoni. Ledesma akamjia mikono mbele, kumnyang'anya kisu. Zunilda hakumchoma. Alimpitishia ncha juu ya mkono, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, juu juu, kama anayefungua ngozi bila kugusa nyama. Damu ikamwagika, mkono ukawa kama umevaa soksi nyekundu. Ledesma akaruka nyuma akiita mama yake.

"Hiyo ni ngozi," Zunilda akamwambia. "Ukirudi ni mshipa."

Hapo akamwona Eladio, amesimama mbele kabisa ya kundi, mdomo umevimba, kiatu chake cha kulia kimelowa damu.

"Zuni," akasema, na lile pengo la jino likamfanya aongee kama mtoto, "weka kisu. Tutauawa."

"Wewe njoo huku, Mwalimu. Uje usimame hapa ubavuni mwangu."

Hakuja. Alimtazama mkewe, akamtazama yule mtu aliyelala, akatazama kiatu chake. Miguu haikuinuka. Zunilda alingoja kwa muda ambao pumzi moja huingia na kutoka, na katika ndoa yake yote ya miaka thelathini hakuwahi kungoja muda mrefu kama ule. Aliyekuja alikuwa Rufo, akichechemea, sepetu lake limejaa makaa mapya. Akasimama kushoto kwake.

Ndipo Zunilda alipotazama chini akaona paja la yule mtu. Suruali ilikuwa nyeusi kwa damu, na damu ilikuwa inakuja kwa mapigo. Alijua maana yake. Akampa Rufo kisu, akapiga goti, akakandamiza kinena cha yule mtu kwa ngumi na uzito wake wote, pale ambapo kwa ng'ombe yeyote mshipa mkubwa huingia pajani.

"Unaitwa nani?" akamuuliza.

Midomo ikacheza. "Damián."

"Damián, mimi sikupendi. Lakini usilale."

Polisi walipofika walimkuta hivyo, amepiga goti, uso umejaa damu, na ukumbi mzima umekwisha rudi kwenye meza zake.

Kituoni walimweka hadi jioni. Waliandika maelezo ya watu ishirini na wawili. Wote walisema jambo moja, kana kwamba wamekaririshwa: mwizi aliteleza akaangukia jiko, mkono wake ukaungua, na mwanamke mgeni alishikwa na wazimu, akamkata raia mwema. Ledesma alikwenda kushonwa nyuzi thelathini na kitu, akarudi kufungua mashtaka. Hata Quique alisaini. Rufo peke yake alikataa kuandika lolote, akasema yeye haoni vizuri.

Walipomwachia Zunilda kwa sharti la kutotoka mjini, alimkuta Eladio kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amevua kile kiatu, amebaki na soksi katika baridi ile. Zunilda akakaa, si karibu sana.

"Yu hai?" Eladio akauliza.

"Wamempasua. Wanasema ataishi. Mkono sijui."

Basi likapita.

"Saba," akasema Eladio. "Nilimpiga saba. Nilikuwa nahesabu."

"Nilikusikia."

"Na nilifurahi, Zuni. Si hasira. Hasira ningeielewa. Nilikuwa na furaha, kama mtoto anayeogelea. Halafu uliponiita, nikawa na aibu hata ya kutembea."

Zunilda alitaka kumwambia kwamba hata yeye alionja utamu ule, kwamba ubao ulikuwa wake. Na akamwambia. Lakini hakumwambia "yamekwisha," wala hakumshika mkono, kwa sababu bado alikuwa anaona ile nafasi tupu ubavuni mwake.

"Wameandika kwamba aliangukia jiko mwenyewe," akasema. "Watu ishirini na wawili. Na wewe umo?"

"Nimo. Waliniletea karatasi, nikasaini." Eladio akavaa kiatu chake, akakifunga kamba polepole, fundo mara mbili. Akasimama. Akarudi ndani, na mkewe akamfuata hadi mlangoni.

Askari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye usingizi machoni. "Kuna nini tena, mzee?"

"Nilidanganya. Nataka kuandika upya. Yule mtu hakuanguka. Walimweka jikoni kwa makusudi, na aliyeushika mkono wake ni huyo Ledesma. Na kabla ya hapo nilimpiga mateke saba ya mbavu akiwa amelala chini."

Askari akaweka kalamu. "Mzee wangu, wewe ni mgeni hapa. Umevunjwa meno. Hakuna anayekuuliza. Ukisema hivyo unajitia mwenyewe ndani."

"Ndiyo. Andika jina langu kwanza, kisha la Ledesma."

Kesho yake Rufo alikuja kusema kwamba macho yake yamepona. Siku tatu baadaye akaja Quique, amevaa kofia, akijificha. Baada ya hapo ule uzi wa maelezo ishirini na mawili ukaanza kukatika kidogo kidogo.

Wiki moja ya matembezi ikawa miezi mitano katika chumba cha kupanga, karibu na kituo cha treni. Zunilda alipata kazi ya kukata nyama kwenye bucha la jirani, na mwenye bucha hakuamini macho yake. Mashtaka dhidi yake yalifutwa. Ledesma alifungwa. Eladio alihukumiwa, lakini kwa umri wake na kwa kukiri kwake kifungo kikasimamishwa. Naye alimsikiliza hakimu amesimama wima, na aliporuhusiwa kukaa hakukaa. Katika miezi ile walikula meza moja na kulala kitanda kimoja, na maneno yakarudi taratibu, kwanza ya chumvi na sukari, kisha mengine.

Siku ya hukumu ya Damián walikuwepo. Alipitishwa kwenye ukumbi kati ya askari wawili, mkono wa kulia umekunjamana, vidole vitatu vimeshikana. Alipomfikia Zunilda akasimama, nao askari wakamwachia kidogo.

"Ni wewe," akasema. "Ungeniacha tu, mama. Kwa mkono huu nitafanya kazi gani?"

Zunilda alimtazama. Aliikumbuka bastola kinywani mwa mumewe, na kiungo cha kidole chake ambacho mpaka siku ile kilimuuma akishika kisu.

"Sikufanya kwa ajili yako," akasema.

Akamshika Eladio kwenye mkono wa koti, wakashuka ngazi. Nje mvua ilikuwa imeanza, na hawakuwa na mwavuli. Eladio akauliza kama wangoje ipungue. Zunilda akasema twende tu, nguo zitakauka, treni haingoji mtu.